Kabla Hujanunua Miwani ya Stendi

Kabla hujampa hela mchuuzi wa miwani pale stendi ya Mikumi, chukua kipande cha karatasi ngumu, hata boksi la dawa ya meno linatosha, ukitoboe kwa sindano nene. Tundu liwe na upana wa milimita moja hivi na kingo zake ziwe safi. Tafuta maandishi yaliyo mbali kidogo, kibao cha duka ng'ambo ya barabara au namba ya lori lililoegeshwa, na usimame pale ambapo herufi zinaanza kukusumbua. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, utazame kwa la kulia. Kisha weka kile kikaratasi karibu kabisa na jicho hilohilo, uzitazame herufi zilezile kupitia tunduni. Rudia kwa jicho la pili, maana mara nyingi jicho moja huwa limechoka kwa miaka na mwenzake analibeba bila mwenyewe kujua.

Herufi zikionekana vizuri zaidi tunduni, tatizo lako kwa kiasi kikubwa ni la kupinda mwanga, na miwani sahihi itakusaidia. Zikibaki vilevile au zikizidi kufifia, kuna jambo jingine: ukungu ndani ya jicho, au hitilafu kwenye retina au kwenye neva inayopeleka habari ubongoni. Hapo hata ujaribu miwani kumi haitakufaa, unahitaji hospitali. Wahudumu wa macho hutumia kipimo hikihiki kila siku. Hakimalizi kila kitu, kwa sababu mtoto wa jicho anayeanza anaweza kukudanganya kwa kupungua kidogo tunduni, lakini sijui kipimo kingine cha bure kinachokuambia mengi kiasi hiki kwa dakika moja.

Sababu yake ni hii. Kila nukta ya ile herufi inatawanya mwanga pande zote, na mwanga unaopita kwenye mboni ya jicho lako huingia ukiwa umetanuka. Jicho linatakiwa kuupinda, kila mwale kwa kiasi chake, ili yote ikutane tena kwenye nukta moja juu ya retina, ule utando wa nyuma unaohisi mwanga. Miale hiyo ikikutana mbele ya retina, au ikifika kwenye retina kabla haijakutana, nukta inageuka kuwa doa, madoa yanapandana, herufi inavurugika. Tundu linaruhusu mwanga mwembamba tu upite, kwa hiyo hata usipopindwa sawasawa, doa lake ni dogo. Mtu asiyeona mbali anapokunja macho ili asome kibao cha basi, anafanya kazi ileile kwa kutumia kope zake.

Pale mbele kabisa

Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari ni nini kinachopinda mwanga jichoni, atakujibu upesi: lenzi. Natamani walimu wa biolojia waanze na konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya sehemu nyeusi ya jicho, kwa sababu thuluthi mbili hivi za kazi yote zinafanyika hapo.

Unaweza kulithibitisha nyumbani. Jaza beseni maji safi ya kunywa, weka sarafu chini, zamisha uso na ufumbue macho. Sarafu utaiona kama doa lisilo na kingo, hata kama nchi kavu unaona vizuri kabisa. Usilifanye jaribio hili kwenye mto Mkondoa wala mto mwingine wowote. Huko kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba.

Mwanga hupinda unapotoka kwenye kitu kimoja kuingia kwenye kingine ambamo kasi yake ni tofauti, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo unavyopinda zaidi. Hewa hupewa kipimo cha 1.00, maji 1.33, konea 1.38 hivi. Kutoka hewani kuingia kwenye konea ni hatua kubwa. Kutoka majini kuingia kwenye konea karibu hakuna hatua, kwa hiyo ndani ya beseni konea yako imeacha kazi na lenzi imebaki peke yake, nayo haitoshi. Mpiga mbizi akivaa miwani ya majini, hewa inarudi mbele ya konea na kila kitu kinaonekana.

Wataalamu hupima nguvu hii kwa dayopta. Lenzi ya dayopta 1 hukutanisha mwanga wa mbali ukiwa umesafiri mita 1. Ya dayopta 2 hufanya hivyo kwa nusu mita. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo linahitaji nguvu kubwa, karibu dayopta 60 kwa jumla. Konea peke yake inatoa kama 43.

Samaki hawana bahati hiyo, kwa kuwa wanaishi ndani ya beseni maisha yao yote. Ukila perege wa kuchemsha, fumbua jicho lake na utatoa kigololi kigumu cheupe, cha duara kamili. Hiyo ndiyo lenzi yake. Ilikuwa angavu kabla ya moto kuigeuza. Imekuwa duara hivyo kwa sababu inafanya kazi yote yenyewe. Ya kwako ni bapa, yenye umbo la dengu, kwa kuwa imekuta konea imeshamaliza sehemu kubwa.

Konea katikati ina unene wa nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, maana damu ingezuia mwanga. Oksijeni yake inaitoa hewani kupitia machozi. Kwa hiyo kovu lolote linalobaki katikati yake ni ukungu wa kudumu, na miwani haiondoi kovu. Hapa ndipo ningependa msomaji wa Kilosa akae kidogo, kwa sababu wilaya hii ina njia nyingi za kuiharibu konea, na karibu zote zinazuilika.

Kwanza ni mashamba. Ncha ya mkonge kule Kimamba, jani la muwa Ruhembe au Kidodi, bua la mahindi wakati wa kuvuna: mkwaruzo mdogo unaweza kuingiza fangasi au bakteria kwenye konea, na baada ya siku chache doa jeupe likaonekana. Usilifikiche jicho. Lisuuze kwa maji safi na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usitie dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Baadhi ya matone hayo yana deksamethasoni au dawa za kundi lake, ambazo huondoa wekundu na maumivu huku zikiwaacha fangasi waile konea kwa utulivu. Mwenye jicho anadhani anapona. Kwa anayekata miwa au mkonge kila siku, miwani ya kinga ya plastiki ni kifaa cha kazi kama panga lenyewe, na mwajiri anapaswa kuitoa.

Swila akikutemea sumu, usingoje kufika hospitali ndipo uanze tiba. Osha jicho palepale kwa maji mengi, robo saa nzima au zaidi, huku mtu akikushikilia kope zibaki wazi. Maji yasipokuwepo, maziwa yanafaa. Kisha nenda hospitali.

Vikope huharibu konea taratibu. Mtoto anaambukizwa mara kwa mara, upande wa ndani wa kope unajaa makovu, na miaka mingi baadaye, mara nyingi akiwa mama mtu mzima, kope zinajikunja kwa ndani na nywele zake zinakwaruza konea kila anapopepesa. Wilaya ya Kongwa, jirani wa Gairo iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, ilikuwa mahali pa utafiti mkubwa wa ugonjwa huu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba vijiji vilivyohamasishwa kuwaosha watoto nyuso, pamoja na kupewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini, vilikuwa na vikope vikali vichache kuliko vile vilivyopewa dawa peke yake. Maji yanayohitajika kuosha uso wa mtoto hayazidi kikombe. Bibi ambaye kope zake zimeshajikunja asing'olewe nywele na mjukuu kila wiki. Kuna upasuaji mdogo wa kuigeuza kope, na unafanyika bila kulala hospitali.

Halafu kuna usubi. Kilosa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa ugonjwa huu, pamoja na Mahenge, Tukuyu na Ruvuma. Inzi wake mdogo mweusi huzaliana kwenye mito yenye maji yanayokwenda kasi. Anapouma huacha minyoo, na watoto wa minyoo hiyo husambaa chini ya ngozi hadi kwenye konea. Wanapofia huko, jicho huvimba na kuacha kovu. Dawa ya ivamektini, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ugonjwa huu tangu 1987, huua watoto wa minyoo lakini haiui minyoo mikubwa, ambayo huishi miaka mingi. Ndiyo maana kingatiba hurudi kijijini kwako kila mwaka, na ndiyo maana kusema "mwaka jana nilimeza" hakutoshi. Mgawa dawa akija na fimbo ya kukupima urefu, simama upimwe. Idadi ya vidonge inafuata urefu wako.

Kwa watoto wadogo hatari nyingine ni ukosefu wa vitamini A, hasa surua ikiingia katikati yake. Konea hukauka, hulainika, na inaweza kutoboka ndani ya siku chache. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Usiyakose, na chanjo ya surua usiikose. Mchicha, papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa viwepo kwenye sahani. Na mtoto mwenye surua asitiwe jichoni utomvu wa mmea wowote, wala mkojo, wala majani yaliyotafunwa. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa 1987 ulizikuta dawa za namna hiyo miongoni mwa sababu za vidonda vya konea kwa watoto, bega kwa bega na surua na upungufu wa vitamini A.

Mboni

Hii ni fupi. Mboni ni tundu tu, nayo hubadilika kutoka milimita 2 kwenye jua kali hadi 7 au 8 gizani kwa kijana. Inapotanuka, mwanga mwingi unaingia lakini kasoro yoyote ya upindaji inaonekana zaidi, kinyume cha kile kikaratasi chenye tundu. Dereva ambaye mchana anaona vya kutosha anaweza usiku kuziona taa za malori zimetawanyika na pembeni ya barabara hakuoni kabisa. Kwenye zile kilomita 50 ambazo barabara ya TANZAM inakatiza Hifadhi ya Mikumi, hilo ni jambo la kufa na kupona, kwa binadamu na kwa nyati. Macho ya simba yanayong'aa mbele ya taa zako yana utando wa nyuma unaoakisi mwanga, sisi hatuna.

Mboni inaweza pia kukuonyesha jambo jingine: piga picha ya mtoto kwa simu ukiwa umewasha mwanga wa kamera. Mboni ikitoka nyekundu, hiyo ni rangi ya damu iliyo nyuma ya retina, na ni kawaida. Mboni moja ikitoka nyeupe au ya manjano, na ikajirudia kwenye picha nyingine, mpeleke mtoto hospitali wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huwapata zaidi watoto chini ya miaka 5 na hutibika vizuri ikiwahiwa.

Lenzi, na namna ya kuipima miwani

Konea haiwezi kujirekebisha. Inayojirekebisha ni lenzi, iliyo nyuma ya mboni. Simama mahali Kilosa ambapo unaiona milima upande wa magharibi, fumba jicho moja, inua kalamu mbele yako. Ukiitazama milima, kalamu inafifia. Ukiitazama kalamu, milima inafifia. Kilichobadilika ni umbo la lenzi. Imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba kutoka kwenye msuli ulioizunguka kama pete. Msuli ukipumzika, nyuzi zinavutika na lenzi inakuwa bapa, tayari kwa vitu vya mbali. Msuli ukijikaza, pete inapungua, nyuzi zinalegea, lenzi inavimba na kuongeza nguvu kwa ajili ya vitu vya karibu. Maelezo haya aliyatoa Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1855.

Sasa sogeza kalamu taratibu hadi maandishi yake yavurugike. Mtoto wa miaka 10 ataifikisha sentimita 8 hivi kutoka jichoni. Mtu wa miaka 40 ataishia karibu na sentimita 20 au zaidi kidogo, na wa miaka 50 atahitaji nusu mita. Lenzi huendelea kukua na kukakamaa maisha yote. Msuli unajikaza lakini lenzi haivimbi tena. Hakuna aliyekosea na hakuna aliyerogwa. Fundi cherehani anayemwita mtoto amtungie uzi, mkulima asiyeweza kusoma kipimo kwenye chupa ya dawa ya mimea, mama anayeacha kokoto kwenye mchele: wote wanahitaji miwani ya kusomea, na kwa wengi wao ile ya stendi inafaa kweli. Haidhoofishi macho. Nawasihi wanaoivumilia hali hii kwa miaka kumi waache kuivumilia.

Kwa makadirio, +1.00 hufaa kati ya miaka 40 na 45, +1.50 hadi 50, +2.00 hadi 55, na +2.50 ukifika 60. Shika kazi yako halisi kwenye umbali wako halisi, ujaribu, na uchague yenye nguvu ndogo kabisa inayokutosha. Ukichukua kali kuliko mahitaji yako utalazimika kusogeza kitu karibu na pua na kichwa kitauma.

Kibandiko cha kioo usikiamini, kipime. Ingia chumba chenye dirisha upande mmoja na ukuta mweupe upande wa pili, mchana, taa zikiwa zimezimwa. Shika miwani mbele ya ukuta, kioo kimoja kikiwa sambamba nao, uisogeze mbele na nyuma. Mahali fulani utaona ukutani dirisha lote likiwa na mwembe wa nje, rangi zake kamili, miguu juu kichwa chini. Hakikisha ni mwembe ulio mbali ndio unaoonekana wazi, wala si nondo za dirisha. Pima sentimita kutoka kwenye kioo hadi ukutani, kisha gawanya 100 kwa idadi hiyo. Sentimita 50 ni +2.00, sentimita 40 ni +2.50, sentimita 67 ni +1.50. Pima na kioo cha pili. Vikitofautiana, au taswira ikikataa kutulia, rudisha miwani hiyo.

Taswira hiyo iliyopinduka ndiyo inayotokea nyuma ya jicho lako sasa hivi unaposoma. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Kairo karibu na mwaka 1040, alikuwa ameshaonyesha kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni kutoka kwenye vitu, akatumia chumba chenye giza na tundu kulichunguza hilo. Lakini picha iliyopinduka kwenye retina ilisubiri hadi Johannes Kepler alipoieleza mwaka 1604. Ubongo hujifunza kusoma taswira hiyo tangu utotoni, wala hauhitaji kuigeuza.

Kuna watu ambao hawapaswi kabisa kununua miwani ya mchuuzi. Mtoto asiyeona ubaoni ni mmoja wao. Mara nyingi jicho lake limerefuka. Milimita moja tu ya ziada inampa upungufu wa karibu dayopta 3, na miwani yake ni ya alama ya kutoa (−), ambayo ukijaribu kuipima ukutani haitakupa taswira yoyote. Lenzi ya mtoto ina nguvu nyingi za kujirekebisha kiasi cha kumdanganya hata mpimaji, ndiyo maana hospitali humtia matone ya kuulegeza msuli kabla ya kupima. Mwingine ni mwenye kisukari, anayepaswa kuchunguzwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri. Na mwenye ndugu wa damu aliyepata presha ya macho, kwa sababu ugonjwa huo hula pembe za uoni kimyakimya bila maumivu.

Na yule ambaye tundu halikumsaidia, mwenye umri mkubwa, anayeona kama kupitia moshi na kusumbuliwa na mwanga wa jua, huenda lenzi yake imepoteza uangavu. Huyo ni mtoto wa jicho, na hakuna matone yanayomwondoa. Lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya plastiki, mara nyingi ya dayopta 20 hivi. Njia hiyo aliianzisha Harold Ridley mjini London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za vita vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta uvimbe. Lenzi ya plastiki haivimbi wala haibadiliki, kwa hiyo mgonjwa aliyepasuliwa vizuri bado atahitaji miwani ya kusomea. Asidhani upasuaji umeshindwa.

Anzia Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au St. Kizito kama uko Mikumi, na uulize mapema siku ambazo mtaalamu wa macho anakuwepo, ili usipoteze nauli. Wakikupa rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa Morogoro au CCBRT Dar es Salaam, nenda na miwani yako ya zamani, majina ya dawa unazotumia, na karatasi uliyoandika kwa kila jicho: kulia, bila tundu na kwa tundu, kushoto, bila tundu na kwa tundu, na tangu lini. Jicho lililopoteza uoni ghafla, lililokuwa jekundu na lenye maumivu makali, au lililoanza kuona vimulimuli na pazia jeusi, lisingoje siku ya kliniki. Nenda leo.